Majembe Yaliyochelewa Ngoma

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisimame mbele ya kamera nipige kofi moja. Nikapiga. Nikaambiwa nirudie, safari hii mikono iwe usawa wa uso na nisicheke. Nilikuwa nimevaa sketi ya shule niliyoigeuza pindo ili isitambulike, na bahasha ya cheti changu cha kidato cha nne nilikuwa nimeibana kwapani. Nilipoinua mikono bahasha ikaanguka. Nikajua ninafanyiwa mzaha.

"Fundi," nikamwambia mzee aliyenipokea, "mimi nimekuja kuandika majina ya maharusi kwenye makasha ya kanda. Wa kupiga makofi mkamtafute kwaya."

"Majina utaandika," akasema, akiniokotea bahasha. "Kwanza ujue kwa nini umepiga kofi."

Huyo ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu. Akanikalisha mbele ya kompyuta, akanionesha picha yangu ikienda polepole mpaka viganja vilipogusana. Chini ya picha kulikuwa na mstari wa sauti, umelala kama uzi, na mahali pamoja umeruka juu kama mwiba. Ule mwiba ulikuwa kofi langu. Picha ilitoka kwenye kamera, sauti ilitoka kwenye kinasa kingine kidogo, na kazi ya mhariri ni kuukuta mwiba na kuupeleka pale viganja vinapokutana. Akasogeza, akasogeza, akabonyeza. Viganja vyangu vikakutana na kofi likalia pale pale. Nilihisi kitu tumboni ambacho sijakihisi tena isipokuwa siku mwanangu alipocheza kwa mara ya kwanza.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, waliopewa mabati na saa ya ukutani siku ya kuagwa. Mimi sina mvi na sikupewa kitu. Nina mtoto anayenyonya, na nina hasira ambayo mama yangu anasema itaharibu maziwa. Lakini kazi yangu imekwisha, na ninyi mnaoanza sasa na kompyuta zinazofanya kila kitu zenyewe mnapaswa kujua sauti ilivyokuwa ikilinganishwa Bariadi wakati wetu. Wakati wenyewe si wa zamani. Ni jana tu, lakini wanaouzungumzia wanausema vibaya.

Studio yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, barabara ya kwenda Lamadi. Mwenyewe aliandika "Mkurugenzi" kwenye mlango wake, basi sote tukamwita Mkurugenzi, ingawa mlango ulikuwa wa bati na watu aliowaongoza tulikuwa wawili. Ulikuwa ule wakati ushirika umeacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Makampuni yalikuja na magari yao na mizani yao, kila moja linataka mkulima alipende kuliko lingine, na njia ya kupendwa Usukumani ni ngoma. Kampuni likileta zawadi ya ng'ombe, makundi mawili yanashindana, watu wanajaa uwanja, na sisi tunapiga picha. Baadaye kanda zinazunguka kwenye mabanda ya video, na jina la kampuni linasomwa mwanzo na mwisho.

Fundi Mkuu alikuwa ametoka serikalini. Miaka mingi alizunguka na gari la sinema la vijijini, akifunga vipaza sauti kwenye miti, mpaka gari likasimama na yeye akapunguzwa. Alikuwa na masikio ya mbwa. Lori likipita nje alikuwa anasema mpira wa kushoto hauna upepo. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye majina ya maharusi akanivalisha vile visikilizio vikubwa vya masikioni, sifongo limeliwa na jasho la watu wengine, akasema, "Minza, macho yako yafumbe. Unasikia watu wangapi wanakohoa?"

Sasa jambo lenyewe, maana wengi wanaona haya kuuliza.

Kompyuta haihifadhi sauti kama mtungi unavyohifadhi maji. Inaikata vipande vidogo mno, na kila sekunde ina idadi yake ya vipande. Kamera yetu ilikata vipande elfu arobaini na nane kwa sekunde moja. Tulisema kwa kifupi arobaini na nane. Kinasa kidogo, kile tulichokiweka karibu na ngoma, kilikata kama CD za muziki zinavyokatwa, arobaini na nne nukta moja. Ukiisikiliza kila moja peke yake, ziko sawa. Shida ni ukiziweka mezani pamoja. Ukiipa kompyuta ile ya arobaini na nne ukaiacha iisome kwa kasi ya arobaini na nane, inavimaliza vipande kabla ya wakati. Sauti inakimbia, inakuwa nyembamba, mtu mzima anaongea kama mtoto wa darasa la pili. Picha inabaki nyuma inatembea kwa miguu yake. Programu za siku hizi zinabadilisha zenyewe. Yetu ilikuwa kuukuu. Haikuuliza wala haikuonya. Ulipaswa kuibadilisha sauti kwanza kwa mkono, kusubiri, ndipo uunganishe.

"Linganisha kasi kwanza," Fundi Mkuu alikuwa akisema, "kofi baadaye. Usipolinganisha kasi, kofi litakaa mahali pake na yote yanayofuata yatakukimbia."

Na kweli ndivyo inavyokuwa. Mwanzo wa kipande unaonekana umepatia, kisha ngoma inaanza kutangulia, kidogo, kidogo zaidi, na aliyehariri bila kujua anakata na kuvuta, anakata na kuvuta, kama mtu anayekimbiza kuku.

Nilizunguka na kazi hiyo. Kiloleli tulirekodi harusi za Wakristo, mchungaji ana maikrofoni na bado anapiga kelele. Lingeka tulirekodi mikutano ya wakulima, ng'ombe wanapita katikati ya hotuba na hakuna anayewafukuza. Sijaona raha nyingine inayofanana na kukaa chini kwenye vumbi, kisikilizio masikioni, watu elfu wanaimba na wewe ndiye unayesikia kila mmoja. Wasichana wenzangu walikuwa wakiniuliza kama sioni aibu kukaa chini na suruali. Nilikuwa siwasikii.

Kisha Fundi Mkuu akaenda Mwanza kwa binti yake, macho yamemwishia. Aliniachia kiti. Mkurugenzi alikubali bila maneno, maana yeye alijua kupiga picha na kupatana na makampuni, sauti aliiona kama chumvi, kitu cha kutia mwishoni.

Shindano la ngoma la huko Migato nililirekodi nikiwa na tumbo kubwa kiasi kwamba kinasa niliwekewa na mtu mwingine kwa kuwa sikuweza kuinama. Zamu ya kwanza ilikuwa kundi la majembe, linalocheza bugobogobo, la manju mmoja, kiongozi wa ngoma na nyimbo, aitwaye Sitta. Mnaojua mnajua. Wanaume wamepanga mstari, majembe yanarushwa juu, yanazunguka, yanashuka, na yanagonga ardhi pamoja na ngoma kubwa, si kabla, si baada. Manju Sitta alikuwa na sauti inayotoka chini ya ardhi. Kinasa kilikuwa hatua chache kutoka kwenye ngoma yake, na nilipofumba macho nilisikia hata vumbi likirudi chini. Lilipomaliza kundi lake, betri za kinasa nazo zikaisha. Zamu ya kundi la pili sauti yao ikaingia kwa kamera peke yake. Sauti ya mbali, ya kawaida, lakini sauti ya kamera.

Uchungu ulinishika kabla sijahariri. Nilimwambia Mkurugenzi mlangoni, mkono mmoja kiunoni, "Ya Sitta ni arobaini na nne. Ibadilishe kwanza."

"Nenda kazae," akasema. "Nilikuwa kwenye biashara hii hujaota magego."

Nikaenda, nikamzaa Kabula, mvua inanyesha, ndiyo maana ya jina lake. Nilirudi kazini naye mgongoni mapema kuliko mama alivyotaka, kwa sababu nilikuwa nasikia kila kitu vibaya nyumbani. Mlango unagonga, sufuria inalia, na hakuna mahali pa kuvisogeza.

Manju Sitta alikuja siku ya gulio. Alikuwa amevaa koti na kofia, akabisha hodi kama mtu anayeingia hospitali, akanisalimu kwa Kisukuma na kuniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Sikuja kugomba," akasema. "Nataka unioneshe pale waliponikamatia."

"Nani amekukamata?"

"Wale wa upande wa pili. Kanda inaonesha wazi. Tunaanza vizuri, jembe na ngoma pamoja, halafu ngoma inatukimbia. Watu wanajaa kwenye banda la video kucheka. Na sauti yangu wameichukua. Hii ya kitoto ndiyo wameniachia." Akakohoa, akajaribu koo lake. "Vijana wangu wanne wameacha majembe. Wanasema ngoma iliyofungwa haichezwi. Nioneshe ni mzunguko wa ngapi, ili mfumu, mganga wetu, ajue dawa iliingilia wapi."

Nikaiweka kanda. Nilitaka ardhi inimeze. Majembe yanaanguka baada ya ngoma, mstari mzima, kama walevi. Hapa na pale Mkurugenzi alikata na kuvuta, yanapatana kidogo, yanaachana tena. Halafu kundi la pili linaingia, na wao mguu na ngoma ni kitu kimoja.

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, vipande na kasi yake.

"Kwa hiyo sauti yangu ilikatwa," akasema.

"Sauti zote hukatwa, baba."

"Na ya wale?"

"Na ya wale. Ila yao ilitoka kwenye kamera. Kinasa kilikuwa kimeishiwa betri."

"Betri ziliisha zamu yao ilipofika."

"Ndiyo."

Akanitazama kwa huruma. "Na wewe uliyesoma hulioni hilo?"

Nilichukua sauti ya kinasa, nikaibadilisha kwenda arobaini na nane. Kompyuta ikaanza kuhesabu taratibu, Kabula akalala, Manju akakaa kofia mapajani. Nikaukuta mwiba wa kofi, nikaupeleka mahali pake. Nikabonyeza.

Jembe likashuka na ngoma ikalia. Yote, mstari mzima, mzunguko hadi mzunguko, ardhi inagongwa na ngoma inaitika, na ile sauti ya chini ya ardhi ikatoka kwenye spika zetu mbovu mpaka makopo ya dawa ya pamba yakatetemeka kule dukani. Manju alitazama mpaka mwisho. Kisha akasimama, akanipa mikono miwili.

"Mayu," akasema, "umetufungua."

"Sijafungua kitu. Nimelinganisha kasi."

"Wafumu wote wana neno lao," akasema, akaondoka na kanda yake.

Vijana wanne walirudi kwenye majembe. Hilo lilinifurahisha, siwezi kudanganya. Lakini baada ya wiki chache wakaanza kuja. Kwaya iliyoshika nafasi ya mwisho ikaja kutaka kujua nani kawafunga. Akaja mama mmoja na kanda ya harusi yake, akitaka sauti ya mumewe irudi ilivyokuwa kabla hajaongeza mke wa pili. Nikamwambia sauti ya mumewe iko sawa, tatizo ni mume. Akacheka, lakini hakuondoka.

Nilifikiri Mkurugenzi atawafukuza. Alileta mchoraji. Siku iliyofuata nilikuta kibao nje: HAPA TUNAFUNGUA NGOMA NA SAUTI. Na juu ya kiti changu kulikuwa na kaniki nyeusi mpya kama ya waganga, imekunjwa vizuri.

"Uwe unaivaa," akasema. "Na kompyuta tutaifunika kitambaa. Mteja asione mambo ya ndani."

"Mimi ni mhariri wa sauti."

"Nani amekataa? Hariri. Lakini vaa. Hii ni biashara huria, Minza, mteja anataka nini, anapewa."

"Mwambie mteja kwamba uliunganisha bila kubadilisha. Mwambie ni wewe."

"Nikimwambia hivyo atarudi?" Hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Alikuwa ananieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Jioni nilimsimulia mama, nikitegemea atacheka. Mama yangu ni mwanamke wa jembe, hajui kompyuta, lakini aliacha kupepeta akaweka ungo chini.

"Anayejua kufungua anajua kufunga," akasema. "Leo wanakushukuru. Mtoto wa jirani akiugua, watakumbuka mlango wa nani?"

"Mama, hao ni watu wa ngoma tu."

"Ng'wanone, mwanangu, mimi nimezika shangazi yangu. Kosa lake lilikuwa macho mekundu, na macho yenyewe alipewa na moshi wa kuni zake. Walikuja na mapanga. Wewe unataka kuandikiwa kibao?"

Huku kwetu hakuna haja ya kueleza zaidi. Nilimtazama Kabula kwenye mkeka, nikaona si mimi peke yangu nitakayevikwa jina la mchawi. Ataenda nalo shuleni, ataolewa nalo, watu watamkwepa kisimani.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwomba jambo moja, aondoe kibao. Nilimwambia akikiondoa nitafanya kazi kwake mpaka nizeeke, nitarudia kanda zote alizoharibu, sitasema zimeharibiwa na nani. Nilisema kwa upole. Wanaonijua watashangaa.

"Kibao kinabaki," akasema. "Kama hutaki kuvaa, kaa nyumbani unyonyeshe. Si ndiyo kazi yenu?"

Nilikunja kaniki yake nikaiweka mezani kwake. Visikilizio niliviacha kwenye kiti. Ningeweza kuviiba, vilikuwa vyangu kuliko vyake.

Kiti akapewa mwanamke mwingine, mkubwa kwangu, anayevaa kaniki na kusema maneno machache. Simlaumu, ana watoto wake. Kubadilisha kasi hajui, na mbele ya kompyuta yenye kitambaa hakuna anayemuuliza.

Sasa nalima pamba ya mama. Nikipalilia nasikia mashamba ya jirani, jembe hili na lile, na kichwa changu kinayapanga bila kuombwa. Kanisani nakaa nyuma kwa sababu spika ya mbele inachelewa na siwezi kusali. Nikiona video ya mtu naangalia midomo tu. Nilidhani hamu itapungua mtoto akikua. Haipungui. Mnaoanza kazi hii, ombeni mkubwa atakayewafundisha kama yule mzee alivyonifundisha, na mkimpata msimwache aende kabla hamjamuuliza kila kitu. Na jina la kazi yenu mlilinde. Likishachukuliwa, hata mkifanya kazi hiyo kwa usahihi itahesabiwa kuwa kitu kingine.

Juzi alikuja mwanamume mmoja kutoka Kiloleli, mtu mpole, mkulima, ameshika mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanda ya harusi yake, moja ya zile Mkurugenzi alizohariri nilipokwenda kuzaa. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alitoa wosia siku ile mbele ya watu, na kwenye kanda sauti yake imetoka kama ya mtoto. Wajukuu wanaicheka. Alikuwa ameipeleka studio, akakalishwa mbele ya kitambaa, ikarudi vile vile. Mtu akamwelekeza kwangu.

"Sina kompyuta, kaka yangu," nikamwambia. "Sina hata redio."

Hakunyanyuka. Basi nikamkalisha vizuri, nikampa maji, nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilieleza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, Kabula ananivuta nguo, kwa sababu nilikuwa sijayasema maneno hayo kwa mtu tangu nitoke. Nikamwambia arudi kwa Mkurugenzi mwenyewe, siyo kwa yule mama, amwambie hivi: sauti ni arobaini na nne nukta moja, aipeleke arobaini na nane, abadilishe kwanza ndipo aunganishe.

Akayarudia. Hakukosea hata neno.

"Ndiyo hayo," nikasema.

Akayarudia tena polepole, kisha akaniuliza kwa heshima kubwa, "Niyaseme mara ngapi?"

Ningesema saba, angeyasema saba, na pengine kwenye ile ya saba Mkurugenzi angechoka, angebadilisha, na sauti ya marehemu ingerudi kwa wajukuu wake. Nilikuwa nalo neno mdomoni. Nikamwambia hayasemwi, yanafanywa, na anayepaswa kuyafanya ni mwenye kompyuta.

Akashukuru kama mtu aliyenyimwa na hataki kuonesha. Akatia kanda kwenye mfuko, akashika njia ya katikati ya pamba. Nilisimama na mtoto kiunoni nikimtazama mpaka kwenye njia panda. Aligeuka kuangalia barabara, nikaiona midomo yake inakwenda. Lakini alikuwa mbali, na sikuweza kusikia amefika mara ya ngapi.